Deni la Nakumatt lilikuwa la nani?

Rafu za supamaketi za Nakumatt zilipobaki tupu mwaka 2017, gumzo lilikuwa usimamizi mbovu. Sawa. Kilichonikaa mimi kichwani mpaka leo ni orodha ya wadai. Biashara iliyoanzia kwenye magodoro (jina lenyewe ni kifupi cha Nakuru Mattresses) ilishafikisha matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na madeni yalipojumlishwa yakapita shilingi bilioni 30. Waliodai walikuwa benki kadhaa, na nyuma yao mamia ya wasambazaji.

Sheria ya Benki ya Kenya hairuhusu benki kumkopesha mteja mmoja zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wa msingi wa benki hiyo, yaani fedha za wenye benki wenyewe. Sheria nzuri, ila inaitazama kila benki peke yake. Benki saba zinaweza kumkopesha mfanyabiashara yuleyule, kila moja ikiwa ndani ya kiwango, wakaguzi wakaridhika, kumbe zote saba zimefunga ng'ombe wao kwenye mti mmoja.

Tena mti wenyewe una mizizi. Msambazaji wa mchele anapeleka mzigo supamaketi, anaambiwa malipo ni baada ya siku 90. Wakulima wanataka chao leo. Basi anachukua ankara, anaipeleka benki na kukopa juu yake. Benki hiyo huenda haijawahi kuikopesha supamaketi hata senti. Ukiiuliza itakuambia haimo. Imo, tena shingoni. Supamaketi isipolipa, msambazaji halipi, na mwenye lori la mkopo aliyekuwa akimbebea mzigo naye anakwama. Ndipo benki, kwa woga, inawabania mikopo hata wateja wanaolipa vizuri. Mbano huo unanitisha kuliko hasara yenyewe, kwa kuwa unamfikia fundi wa viatu ambaye hajawahi kuiuzia Nakumatt hata kamba.

Najua nitajibiwa kwamba sekta ya benki haikuanguka. Kweli, ilihimili. Lakini Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Agosti mwaka huohuo ikafuata kampuni ya saruji ya ARM Cement, yenye kiwanda hadi Tanga. Wakopaji wakubwa wawili ndani ya miezi minane! Wangekuwa watano?

Benki Kuu hupokea taarifa za mikopo kutoka kila benki. Kinachotakiwa ni kuziunganisha: nani anamdai nani, na huyo naye amekopa wapi akitegemea malipo ya nani. Na benki inapokopesha juu ya ankara, mkopo huo uhesabiwe pia kwa jina la mwenye kulipa ankara. Benki zitalalamika kuhusu karatasi. Zilalamike.

Januari 2020 wadai walipiga kura Nakumatt ifilisiwe. Matawi sita ya mwisho yalinunuliwa na mshindani wake, Naivas, kwa shilingi milioni 422. Mwaka haujaisha, supamaketi za Tuskys nazo zikawa haziwalipi wasambazaji.