Kisima bila fundi ni nusu ya kazi
Ndugu mwandishi, asante kwa habari ya kitabu cha Scott Harrison, aliyeacha kupigia debe kumbi za starehe New York, akajitolea kwenye meli ya hospitali huko Liberia, kisha mwaka 2006 akaanzisha charity: water, shirika la kuwapatia watu maji safi. Amenigusa sana huyu bwana. Ila huku kwetu Uyui, Tabora, kuchimba ni nusu tu ya kazi. Mpira wa ndani ya pampu ukichakaa, kitu kidogo cha kuenea kiganjani, kina mama wanarudi kwenye dimbwi wanalogombania na ng'ombe. Ndiyo maana nawatetea wale wa jumuiya ya watumia maji wanaotoza hela ya ndoo, maana ndiyo inayonunua vipuri. Wafadhili, tunawaomba: mkichimba, mfundisheni fundi wa hapa hapa kijijini, na mumwachie spana na mipira ya akiba.