Maghrib Haijaingia Tangu Mwezi wa Tano

Mama yangu kila akipiga simu ana swali moja, na kiangazi hiki swali hilo ndilo lililoniumbua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umeshaswali Isha?"

"Bado. Jua halijatua."

"Halijatua tangu saa ngapi?"

"Tangu mwezi wa tano."

Kimya. Nikasikia kijiko kinagonga kikombe. Kwake Tanga ilikuwa saa mbili asubuhi, kwangu Alaska saa tatu usiku, na sote wawili jua lilikuwa linatupiga usoni. Akaniuliza taratibu, kwa ile sauti ya kumwongelesha mgonjwa: "Mwanangu, unakula vizuri?"

Sasa nitamweleza nini? Mimi mtu wa Duga, huko huko Tanga, saa yangu inategemea jua. Kumekucha, hesabu moja. Jua utosini, sita. Likizama ni kumi na mbili, funga duka nenda nyumbani. Ndiyo saa niliyofundishwa na babu, na nimeibeba mpaka nyuzi 68 kaskazini, mahali ambapo kuanzia mwisho wa Mei mpaka Julai imepita nusu jua halichomozi wala halizami. Linazunguka tu mbinguni kama ngamia wa kinu cha ufuta. Ukiniuliza saa ngapi nabaki nimetoa macho. Saa moja tangu nini?

Nikampigia ustadhi wetu wa mtaani. Alifikiri sana, vocha yangu ikiteketea, mwisho akasema nifuate saa za Makka. Nikashukuru. Kumbe bado kibla. Ukiwa huku kibla ni kaskazini, maana njia fupi ya kwenda Makka inapita huko huko juu kwenye ncha ya dunia. Na jua la huku, likishuka chini kabisa, mnamo saa nane za usiku, linakaa wapi? Kaskazini! Kwa hiyo nikichelewesha Isha naswali jua limenikodolea macho, nimevaa miwani myeusi, na mbu wamejipanga safu nyuma yangu kuliko waumini wa Ijumaa.

Mniulize nilifikaje. Tangazo chuoni lilisema: msaidizi wa utafiti, kiangazi kizima, chakula na malazi bure. Mtu wa pwani akisikia bure, hageuzi ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ndio uliosema malazi ni hema.

Tukatoka Fairbanks na gari, tukaingia Dalton Highway, barabara ya kilomita 666 iliyojengwa 1974 kupelekea vifaa vya bomba la mafuta. Sehemu kubwa ni vumbi na kokoto. Kuna kituo kinaitwa Coldfoot, yaani mguu wa baridi, na mimi ningeelewa ishara hapo hapo nikashuka. Ukishajaza mafuta Coldfoot, mbele yako kuna kilomita 386 bila pampu, bila kioski, bila mama ntilie. Kwetu basi likipita Muheza halijasimama sawasawa machungwa yameshaingia dirishani. Huku nimekaa dirishani kutwa, hakuna aliyekuja kuniuzia hata karanga. Tukapanda mlima Atigun, mita 1,444, malori yanashuka kama yamefumaniwa, na kufika huko miti ikawa imeisha. Sisemi ilipungua. Iliisha.

Miti itanirudia baadaye, nitawaambia kwa nini.

Njia nzima tunaongozana na hilo bomba, kilomita kama 1,287 kutoka Prudhoe Bay mpaka bandari ya Valdez, mafuta yanapita humo tangu 1977. Mimi bomba nalijua kwa kusikia, maana letu la kutoka Hoima, Uganda, linaishia kwetu Tanga, pale Chongoleani. Lakini letu ni la kufukiwa, tena linapashwa moto kwa sababu mafuta ya Uganda yana nta, yakipoa yanaganda. Hili la Alaska, zaidi ya nusu yake limesimamishwa juu ya miguu. Kisa? Mafuta yana joto, ardhi ni barafu. Ukilifukia ardhi inayeyuka, bomba linazama. Na miguu mingi ina vifaa vya kuliondoa joto ardhini ili barafu isije ikapata homa. Bomba limevishwa koti. Ardhi inapepewa. Mimi nimepewa fulana mbili na mfuko wa kulalia uliowahi kulaliwa na mtu mwingine, na harufu yake bado yumo.

Sasa kazi yenyewe. Mama aliniuliza, nikajaribu kuipamba: napima kina cha tabaka hai la ardhi iliyoganda. Akasema, kwa Kiswahili je? Nikasema, Mama, napima tope.

Ndivyo ilivyo. Chini huku kuna pemafrosti, ardhi isiyoyeyuka mwaka hadi mwaka. Kule Prudhoe Bay inashuka zaidi ya mita 600. Juu yake kuna ngozi nyembamba inayoyeyuka kiangazi na kuganda tena. Unapewa ufito wa chuma wenye alama za sentimita. Unausukuma kwenye majani, unapita laini kama kisu kwenye papai bovu, halafu unasikia kwenye kiganja: tk. Barafu. Unasoma. "Kumi na tisa." Mwenzako anaandika. Unausukuma tena pembeni kidogo. Tk. "Ishirini na moja." Unatembea mita kumi. Uwanja mmoja una vituo 121, na kila kituo unachoma mara mbili. Nimesoma tangu chekechea, nimefaulu fizikia, nimepanda ndege tatu, ili nichomechome ardhi kama mtu aliyedondosha sindano.

Mama akasema: "Hapa nje tope lipo tangu masika. Halina barafu wala nauli."

Na hizo mita kumi msizichukulie poa. Nyasi za huku hazioti chini kama nyasi za watu. Zinaota kwa vichuguu, kila kimoja ukubwa wa kichwa cha mtu mwenye nywele asizochana, na kati yake maji. Ukikanyaga juu, kichwa kinakataa, kinageuka kama kimeitwa pembeni. Ukikanyaga kati, buti linasema fyonz na maji ya barafu yanapanda mpaka unasahau jina la babako. Wenyeji wa kazi hii wanarukaruka kama mbuzi. Mimi siku ya kwanza nilianguka mara kumi na moja. Najua idadi kwa sababu mwenzangu wa hema, kijana wa Minnesota, alikuwa ananihesabia, eti tuko kwenye kukusanya takwimu.

Sasa turudi kwenye miti. Wasafiri mnajua basi likisimama porini kondakta anatangaza watu wakachimbe dawa, kila mtu anatafuta kichaka chake, heshima inabaki. Huku mti mrefu kuliko yote unanifika gotini. Unakwenda mita mia mbili, ukigeuka unawaona wenzako. Na ukiwaona, nao wanakuona. Unakwenda mita mia tano, wanakupungia mkono. Nikasema basi walau nichimbe kwelikweli, nikachukua sepeto, nikachimba sentimita ishirini, tk! Barafu. Hata dawa haichimbiki nchi hii.

Na mbu wanasubiri hapo hapo, wakati mtu hana pa kujitetea. Nimekulia mkoa wa mbu, siwatishiki nao. Lakini mbu wetu wa malaria ana ratiba: anakuja usiku, anaingia chandarua kikiwa na tundu, anamaliza shughuli, anakwenda. Hawa, kwa kuwa usiku hakuna, hawana zamu ya kulala. Ukifunua bakuli la uji wanazama na kuwa nyama. Malaria hawana, nakubali, lakini wanakung'ata kwa hasira ya watu walioganda miezi tisa. Unavaa neti kichwani kama mrina asali, unakunywa chai kupitia neti, na chai inatoka imechujwa. Kuhusu kuchimba dawa naomba niishie hapo. Siku hiyo nilikaa kwa kusimama.

Jambo la mnyama mmoja hivi lilinitia aibu. Asubuhi ya pili niko hemani, usingizi wa mang'amung'amu, nikasikia wanaita nje: karibu! Karibu! Jamani, kwetu mtu akikukaribisha huchelewi, utaonekana una kiburi. Nikatoka na bakuli, kijiko mkononi, nikasema "Asante, nimekaribia." Nikakuta wote wamenipa kisogo, wanaonyesha kilimani kwa vidole. Kumbe kuna mnyama mwenye pembe kama antena za zamani, wanaandika caribou, lakini kwa sikio la Mtanga ni karibu mtupu. Sasa mnyama anaitwaje karibu, na ukimkaribia anakimbia? Tangu siku hiyo kila wakimwona nashtuka, njaa inanipanda.

Huko huko kuna dubu. Sheria ni kwamba ukitembea upige kelele asije akashtuka ukiwa miguuni pake. Wenzangu walikuwa wanamwita tu, dubu we, dubu we, kama wanamdai. Nikaona hii si adabu. Tuko nyumbani kwa mwenyewe. Nikaanza kupiga hodi. Tukifika kwenye kona ya mto au nyuma ya mwinuko: "Hodi!" Wakaniuliza maana yake, nikawaeleza: kwetu hodi ni tatu, asipoitikia mtu unarudi ulikotoka. Nilitarajia sana kurudi nilikotoka.

Siku moja mwezi wa saba, imeanguka theluji asubuhi (ndiyo, mwezi wa saba), tunaelekea uwanja wa mwisho. Tukafika chini ya mwinuko. Nikapiga hodi ya kwanza. Kimya. Ya pili. Kimya, upepo tu. Nikaipiga ya tatu kwa roho safi, nimeshageuza buti kuelekea kambini. Kijana wa Minnesota, aliyetangulia juu, akanyoosha kidole na kupaza sauti:

"Caribou!"

Nikachoka. Mwenyewe kaitika, utasemaje? Tukapanda, tukawakuta kama arobaini hivi wamesimama kwenye theluji wanatuangalia, na vituo 121 viko katikati yao. Tukasubiri saa nzima wapite. Sikuwa na bakuli.

Agosti jua likaanza kukumbuka kazi yake. Mwanzoni lilikuwa linazama kidogo na kurudi, Maghrib, Isha na Alfajiri zinagombania mlango mmoja. Mwisho wa mwezi likawa linazama saa nne kasoro, kwa utulivu. Kulikuwa na kindege kijivu, tumbo la rangi ya mchanga, kinachezacheza kwenye mawe karibu na hema langu tangu Juni. Kikapotea. Mwanafunzi wa mambo ya ndege akaniambia kimekwenda zake kwetu: watafiti waliwahi kuwafunga ndege hao vifaa vidogo wakawafuatilia, matokeo yakatoka 2012, wanatoka Alaska wanavuka Asia hadi Afrika Mashariki, kilomita 14,500 hivi, hapo ni kwenda tu, kurudi bado. Uzito gramu 25. Hana mzigo, hana viza, hajajaza fomu ya mtu. Miezi mitatu nimeishi jirani na mtu wa nyumbani na hakuniaga.

Usiku huo simu ikaita.

"Shikamoo, Mama. Maghrib imeingia."

"Alhamdulillahi! Na lile tope limefika wapi?"

"Sentimita arobaini na tatu."

Kijiko kikagonga kikombe.

"Basi geuka urudi," akasema. "Magotini kwetu linafika bila kipimo."