Tunarudi kwa Waliobaki Kwenye Kaseti

Kila zinapovuma habari kwamba gemu ya zamani ya Pokémon, zile za kukamata na kulea viumbe wa kubuni, inaundwa upya, watu wazima wenye kazi na familia huacha walichokuwa wakifanya. Wengine hawahitaji hata kuona picha. Kionjo kikianza na muziki wa kile kijiji cha mwanzo, tayari machozi yanawalengalenga. Asiyecheza huuliza: mnanunua tena kitu mlichokwisha kukimaliza? Ni swali la haki, na jibu naanza kulitafuta kwenye betri.

Kaseti za Gold na Silver, gemu pacha za Pokémon za Game Boy zilizotoka Japani tarehe 21 Novemba 1999, zilikuwa na saa ndani. Usiku ukiingia kwako, kwenye gemu nako giza linaingia, Hoothoot, kiumbe wa usiku, anajitokeza, na wa mchana huwaoni tena mpaka kuche. Saa hiyo iliendeshwa na betri ndogo ya mviringo, na betri hiyohiyo ndiyo iliyotunza kila ulichosevu. Iliendelea kuliwa hata kaseti ikiwa kabatini. Siku inapokufa, kikosi chote kinafutika. Mimi niliiwasha kaseti yangu baada ya miaka mingi nikakuta chaguo moja tu, kuanza upya. Yule niliyemlea tangu alipokuwa mdogo, nikampa jina, nikakataa kumbadilisha na mtu, hakuwepo, na hapakuwa na pa kumtafuta.

Ndiyo maana sikubali tunapoambiwa kwamba huku ni kuulilia utoto na basi. Kitabu cha zamani ukikifungua leo kinasomeka. Gemu hizi zilifungwa ndani ya mashine ambazo hazitengenezwi tena, na hata zilipokuwa mpya zilikuwa zikitengana zenyewe kwa zenyewe. Gemu zilizofuata, Ruby na Sapphire, zilipokuja mwaka 2002 kwenye Game Boy Advance, hapakuwa na njia ya kuwahamishia huko uliowakamata kwenye Gold na Silver. Tena wengi wa wale viumbe 151 wa mwanzo, Bulbasaur na Charmander wakiwemo, hukuweza kuwakamata ndani yake. Mwaka 2004 zikaja FireRed na LeafGreen, zile za 1996 zikiwa zimeundwa upya, na Kanto, nchi ya gemu hizo za mwanzo, ikafunguka tena. Shangwe ya wakati ule ilikuwa ya watu waliokuwa wamefungiwa nje.

Lakini gemu ninayoitetea kuliko zote ni HeartGold na pacha wake SoulSilver, yaani Gold na Silver zilizoundwa upya mwaka 2009 kwenye Nintendo DS. Waundaji wake walielewa kwamba mchezaji haikumbuki gemu ilivyokuwa kwenye kioo kidogo. Anaikumbuka alivyoiona kichwani, na kichwani Pokémon wake alikuwa akitembea pembeni yake muda wote, kwenye nyasi, kwenye mapango, mjini. Basi wakamtoa kwenye mpira anamohifadhiwa, wakamweka nyuma yako. Yeyote aliye wa kwanza kikosini anakufuata, na ukimgeukia ukabonyeza kitufe, unaambiwa kama amefurahi, amechoka au anatazama kitu fulani kwa mbali. Halafu wakalipa na deni jingine. Kanto iliyowekwa ndani ya Gold na Silver mwaka 1999 ilibanwa ili itoshe kwenye kaseti, na msitu wa Viridian, ambako wengi tulikamatia wadudu wetu wa kwanza, ukaondolewa ukabaki kama njia tu. HeartGold iliurudisha msitu. Ikachukua na kisa cha kiumbe Suicune kutoka Crystal, toleo la tatu lililofuata Gold na Silver, na ukifika mbali unapewa kifaa cha kubadili muziki wote uwe ule mkavu wa Game Boy. Aliyefikiria kuweka kile kifaa alikuwa mmoja wetu, sina shaka.

Omega Ruby na Alpha Sapphire, yaani Ruby na Sapphire zilizoundwa upya, zilitoka 2014, baada ya mashabiki kupekua kila tangazo kwa miaka wakitafuta dalili ya Hoenn, nchi ya gemu hizo. Kuruka juu ya bara zima mgongoni mwa kiumbe Latios ni raha ambayo sijaisahau. Ila Battle Frontier, uwanja wa mapambano uliokuja na Emerald, toleo la tatu la Ruby na Sapphire, haukurudi, na badala yake tukawekewa mfano wake mdogo wa kutazama, kama ramani ya nyumba ambayo haitajengwa. Hilo liliniuma.

Brilliant Diamond na Shining Pearl za 2021 ziliniuma zaidi. Zilifuata ramani ya Diamond na Pearl za 2006 karibu hatua kwa hatua, na mapango ya chini ya ardhi kwa kweli yalipanuliwa vizuri. Lakini Platinum, toleo lao la tatu, ilikwisha kuzirekebisha gemu hizo tangu 2008, ikaongeza ule ulimwengu uliopinduka wa kiumbe Giratina na mengine mengi, na karibu yote yakaachwa. Uaminifu wa namna hiyo ni kwa kaseti, wala si kwa mchezaji. Anayeiunda upya gemu bila marekebisho ambayo wenyewe walikwisha kuyafanya anamrudisha mtu nyuma, na kumtoza bei ya gemu mpya.

Sasa macho ya mashabiki yako Unova, nchi ya Black na White za 2010. Kazi hii ni ngumu kuliko zote, kwa sababu marekebisho yake hayakuja kama toleo la tatu, yalikuja kama mwendelezo kamili mwaka 2012, wenye hadithi yake, miaka miwili baadaye. Ningependa ziundwe zote mbili, ufunge ya kwanza na kuingia ya pili ukiwa na kikosi kilekile. Na jambo moja lisiguswe: mpaka umalize hadithi ya Black na White, unaokutana nao ni wale wapya 156 tu. Pikachu hayupo. Wengi walilalamika wakati ule, lakini mimi kila nyasi ilipotikisika nilikuwa sijui nini kinatoka, kama siku ya kwanza kabisa.