Mchanga wa Shela ndio tangi letu

Juzi shangazi kanipigia kutoka Langoni, Lamu. "Kisima kingiye munyu," kasema, kisha akaendelea na habari za harusi. Mimi nikabaki na ule munyu, yaani chumvi.

Naishi Tucson, Arizona, mji wa jangwani ambao mvua yake ya mwaka mzima haifikii masika ya Lamu. Maji wanayatoa Mto Colorado kwa mfereji wa zaidi ya kilomita 500, yakipandishwa kwa pampu. Yakifika humwagwa kwenye madimbwi ya mchanga huko Avra Valley yazame, ndipo yavutwe tena kwa visima. Siku niliyoyaona nilicheka peke yangu: hawa wanajitengenezea Shela kwa mashine! Vilima vyetu vya mchanga huko Shela, kisiwani Lamu, hunywa mvua na kuyabeba maji matamu juu ya yale ya chumvi, na hakuna anayelipia umeme. Ukivuta kupita kiasi, chumvi hupanda.

Bili ya hapa ina ngazi. Uniti za mwanzo rahisi, ukizidisha kila uniti inakuuma. Jirani yangu aling'oa nyasi akapanda mipungate, wala si kwa kupenda mazingira. Na hawakufika hapo kwa upole. Mwaka 1976 baraza la mji lilipandisha bei, na wakaao milimani wakatozwa zaidi kwa gharama ya kuwasukumia maji. Januari 1977 wajumbe wakang'olewa kwa kura. Waliowarithi wakafungua vitabu, wakakuta hesabu ni ileile. Siku hizi anayegawa viwanja vya nyumba sharti aonyeshe kwanza maji ya miaka 100.

Kenya nako bei hupanda kwa ngazi, na WASREB, bodi inayosimamia huduma za maji nchini, ndiyo huidhinisha. Lakini ngazi humpata mwenye mita. Aliyejenga nyumba ya wageni yenye kidimbwi cha kuogelea, akachimba kisima chake, mita yake iko wapi? Shangazi hununua dumu la lita 20 mgongoni mwa punda. Nimepiga hesabu, lita moja yamgharimu zaidi kuliko mimi jangwani.

Kwa hiyo mimi nasema kila kisima cha biashara Shela kifungwe mita, kilipe kwa ngazi, na fedha hizo zishushe bei ya dumu.

Nilimweleza shangazi yote hayo. Akanyamaza kidogo. "Na hiyo mita, utakuja kuifunga wewe?"