The Allman Brothers Band haikufa na Duane

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu The Allman Brothers Band, bendi ya roki ya Kusini mwa Marekani, hakosekani mtu wa kusema kwamba bendi ile ilikwisha Oktoba 29, 1971, siku Duane Allman, mpiga gitaa aliyeiunda, alipopata ajali ya pikipiki mjini Macon, Georgia, na kufariki akiwa na miaka 24. Yaliyofuata, wanasema, ni biashara. Hoja hiyo nimeisikia kutoka kwa watu ambao masikio yao nayaheshimu, lakini siikubali hata kidogo. Miaka 43 iliyofuata, hadi onyesho lao la mwisho mwaka 2014, ina mambo ya kuhuzunisha na mengine ya aibu kabisa. Pia ina muziki ambao Duane mwenyewe asingeupiga, na mimi naitetea bendi hii kwa sababu ya muziki huo.

Duane na mdogo wake Gregg walizaliwa Nashville. Baba yao aliuawa mwaka 1949 wakiwa watoto wadogo, mama akawalea peke yake, na baadaye familia ikahamia Daytona Beach, Florida. Ujana wao waliutumia kwenye bendi za baa na kumbi ndogo, kisha wakaenda kujaribu bahati Los Angeles na kundi lililoitwa Hour Glass. Kampuni ya rekodi iliwataka wapige pop nyepesi. Duane hakuvumilia. Alirudi Kusini, akawa mpiga gitaa wa studio huko Muscle Shoals, Alabama, ambako gitaa lake liliingia kwenye rekodi za waimbaji wa soul Wilson Pickett na Aretha Franklin. Phil Walden, aliyewahi kuwa meneja wa mwimbaji Otis Redding, alimsikia akavutiwa, akataka kumjengea kundi la watu watatu ambalo yeye ndiye angekuwa nyota.

Duane akafanya tofauti. Mtu wa kwanza kumchukua alikuwa Jai Johanny Johanson, mpiga drams mweusi kutoka Mississippi ambaye hadi leo watu humwita Jaimoe. Jaimoe alikuwa amezunguka na Otis Redding na Percy Sledge, lakini moyo wake ulikuwa kwenye jazi. Akafuata Berry Oakley wa besi, kijana wa Chicago, na Dickey Betts, mpiga solo ambaye tayari alikuwa na jina lake kule Florida. Kisha akaongezwa mpiga drams wa pili, Butch Trucks wa Jacksonville. Gregg aliitwa mwisho kutoka California aje kuimba na kupiga kinanda. Ilikuwa Machi 1969, mjini Jacksonville.

Wapiga solo wawili, wapiga drams wawili. Anayetaka kusindikizwa haiti mpiga solo mwingine wa kiwango chake na kumpa nusu ya nafasi. Bendi hii tangu siku ya kwanza ilijengwa juu ya kuachiana nafasi, na ndiyo maana naona haiwezekani kusema iliishi kwa pumzi ya mtu mmoja.

Walihamia Macon, alikokuwa Walden na kampuni yake ya Capricorn. Hebu fikiria Georgia ya mwaka 1969, ubaguzi wa rangi ukiwa bado mkali: vijana weupe wenye nywele ndefu wakiishi na kutembea pamoja na mwenzao mweusi, wakiingia kula kwenye mgahawa wa H&H wa Louise Hudson, mwanamke mweusi ambaye mji mzima ulimwita Mama Louise. Fedha walizokuwa nazo hazikutosha sahani ya kila mtu. Mama Louise akawapa kila mmoja sahani yake. Bendi ilipoanza kupata fedha haikumsahau; walimchukua hata kwenye ziara. Nalitaja hili kwa sababu historia nyingi za roki ya Kusini hulipita mbio, wakati Jaimoe kukaa kwenye kiti chake mbele ya umma, katika miji ile, miaka ile, halikuwa jambo dogo.

Anayetaka kujua kikosi cha kwanza kilikuwa kitu gani asikilize At Fillmore East, albamu iliyorekodiwa jukwaani New York Machi 1971. Upande mmoja mzima wa santuri una wimbo mmoja wa dakika 22 na ushei. Duane anapiga kwa kichupa cha dawa ya mafua alichokivaa kidoleni, kinateleza juu ya nyuzi na kuzifanya zilie. Lakini sikio lako ulielekeze kwa wote wawili, yeye na Betts. Kuna mahali wanashika melodi moja, mmoja juu, mwingine chini kidogo, kama sauti ya kwanza na ya pili katika kwaya, wanakwenda hivyo kwa muda, halafu wanaachana, kila mtu na njia yake. Nyuma yao Butch anasukuma mbele bila kupumzika, na Jaimoe anajaza mapengo kwa lafudhi ya jazi. Albamu ilitoka Julai. Oktoba ikafikia mauzo ya dhahabu, na siku chache tu baadaye Duane akafariki.

Mwaka mmoja na wiki mbili baada ya hapo, Novemba 11, 1972, Berry Oakley naye akagongana na basi akiwa kwenye pikipiki, mitaa michache kutoka pale alipoanguka Duane. Naye alikuwa na miaka 24. Wamezikwa jirani kwenye makaburi ya Rose Hill, Macon.

Baada ya kumzika Duane, nchi ilikuwa imejaa wapiga gitaa ambao wangekubali kesho yake kukaa kwenye kiti kile. Bendi haikumchukua hata mmoja. Walimaliza albamu iliyokuwa njiani, wakafanya ziara wakiwa watano, Betts akibeba solo zote peke yake. Walipoamua kuongeza mtu, walimleta Chuck Leavell, kijana wa miaka 20, mpiga piano. Kwangu mimi huu ndio uamuzi wa busara kuliko wote katika historia yao. Mpiga gitaa yeyote angepimwa kila usiku kwa kipimo cha marehemu. Mpiga piano hakuwa na wa kulinganishwa naye. Badala ya Oakley wakamchukua Lamar Williams, rafiki wa Jaimoe tangu Mississippi, mwanajeshi aliyerudi kutoka Vietnam, na sasa bendi ikawa na wanamuziki weusi wawili.

Matokeo yake ni Brothers and Sisters ya mwaka 1973, albamu iliyokaa nambari moja Marekani kwa wiki tano. Ndani yake kuna Jessica, kipande kisicho na maneno ambacho Betts alikitunga kwa jina la binti yake mdogo. Alitaka kiweze kupigwa kwa vidole viwili, kwa heshima ya Django Reinhardt, gwiji wa gitaa aliyeungua mkono akabaki na vidole viwili vya kutegemea. Sikiliza namna piano ya Leavell inavyoingia baada ya magitaa kusema yao, kwanza taratibu, kisha inapanda, inapanda, hadi Betts anapoipokea. Duane hayumo mle. Lakini desturi aliyoiacha ya kupokezana imo, na imepata sauti mpya kabisa. Mtu anayesema bendi ilikufa 1971 anieleze Jessica aiweke wapi. Julai mwaka huohuo walipiga Watkins Glen, jimbo la New York, pamoja na bendi za Grateful Dead na The Band, mbele ya umati uliokadiriwa kufika watu 600,000.

Kilichofuata ni fedha nyingi na dawa za kulevya nyingi zaidi. Mwaka 1976 Gregg alitoa ushahidi mahakamani dhidi ya Scooter Herring, meneja wao wa ziara, katika kesi ya dawa za kulevya. Herring akahukumiwa miaka 75, hukumu ambayo baadaye ilitenguliwa. Wenzake Gregg waliona ni usaliti, wakaapa hawatapanda tena jukwaa moja naye. Leavell, Williams na Jaimoe wakaunda kundi lao, Sea Level.

Walirudiana kuanzia 1978, wakatoa albamu tatu, wakamwondoa hata Jaimoe, wakavunjika tena 1982. Kipindi hicho sina cha kukitetea. Walikimbiza sauti iliyotakiwa na redio za wakati ule, na kumfukuza mtu wa kwanza aliyeitwa na Duane kulionyesha jinsi walivyokuwa wamepotea.

Mwaka 1989 wakaanza upya, safari hii na Jaimoe. Wakamleta Warren Haynes kwenye gitaa na Allen Woody kwenye besi, baadaye Marc Quiñones kwenye tumba. Ndipo ilipoanza ile desturi ya kupiga kwenye ukumbi wa Beacon Theatre, New York, karibu kila mwaka ifikapo Machi, usiku baada ya usiku, maonyesho zaidi ya 200 kwa jumla. Haynes alikuwa na kitu ambacho warithi wengi hawana: aliwajua wazee wake vizuri kabisa lakini hakuwaigiza. Anapopiga unamsikia Haynes.

Halafu ikaja 2000, na hapa ndipo panaponiuma. Dickey Betts, mtu aliyeibeba bendi mgongoni baada ya mazishi mawili, mtunzi wa Jessica, aliarifiwa kwa faksi kwamba wenzake wataendelea na ziara ya kiangazi bila yeye. Wao walisema ulevi wake na upigaji wake jukwaani vilikuwa vimewashinda. Huenda walikuwa na sababu. Kuishi na mlevi kazini ni mzigo, na Gregg, aliyepambana na pombe na dawa kwa miaka mingi, alilijua hilo kuliko wengi. Lakini wale watu walikula sahani moja kwa miaka 31. Waliostahili kumwambia walipaswa kukaa naye chumba kimoja na kumwambia ana kwa ana. Hakurudi tena kwenye bendi ile, na Aprili 2024 akafariki. Siwezi kulipamba tendo hilo, japo naipenda bendi.

Na bado muziki haukukwama. Derek Trucks, mtoto wa ndugu yake Butch, alikuwa ameingia 1999 akiwa na miaka 20. Haynes, aliyekuwa ameondoka 1997 kwenda kujenga bendi nyingine, Gov't Mule, alirudi 2001. Oteil Burbridge akashika besi. Derek naye hutelezesha glasi kwenye nyuzi, kwa hiyo kila mtu alitarajia kumsikia Duane amefufuka. Lakini Derek alikuwa amekaa sana na muziki wa Kihindi wa sarod, ala ya nyuzi, na uimbaji wa kanisani, na gitaa lake huimba kama koo la mtu, lina mapumziko na pumzi ndefu ambazo Duane, kijana mwenye haraka, hakuwa nazo. Hittin' the Note ya 2003, albamu yao ya mwisho ya studio na ya pekee isiyo na Betts, naiweka bila kusita karibu na zile za mwanzo. Najua hapo nitapingwa.

Haynes na Derek walitangaza Januari 2014 kwamba wanaondoka mwisho wa mwaka. Onyesho la mwisho lilikuwa Beacon, Oktoba 28, likavuka saa sita usiku na kuingia siku aliyofariki Duane. Wakamaliza kwa bluzi ya Muddy Waters, wimbo uleule walioufanyia mazoezi wa kwanza kabisa 1969. Mwaka 2017 Butch na Gregg wakafariki.

Machi 2020 waliobaki walikusanyika Madison Square Garden kuadhimisha miaka 50. Jaimoe alikuwepo, na Leavell, Haynes, Derek, Oteil na Quiñones. Kwenye kinanda alikuwa Reese Wynans, aliyepiga na vijana hawa Jacksonville kabla Gregg hajaitwa, na kwenye drams za Butch alikuwa Duane Trucks, mdogo wake Derek. Hapakuwa na Allman hata mmoja, kwa hiyo walijiita The Brothers, basi. Tiketi za jina kamili zingenunuliwa vilevile, hakuna ambaye angelalamika. Wao wenyewe waliona haiwezekani, na nawaheshimu sana kwa hilo.