Puri: mgeni anayeishia barazani

Mtalii anayefika Puri, mji wa pwani katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India, hahitaji kuuliza sana. Kwenye Lango la Simba la hekalu la mungu Jagannath pameandikwa wazi kwamba wanaoingia ni Wahindu tu. Kwa miaka mingi asiye Mhindu alielekezwa kwenye maktaba kongwe ya Raghunandan iliyokuwa karibu, apande juu ya paa, atazame kutoka huko. Wengi walishuka wamenuna. Walikuwa wamevua viatu kwenye mahekalu kumi njiani, na hapa, penyewe walipopataka, wakaambiwa mwisho ni hapo.

Asidhani amelengwa yeye. Mwaka 1984 Indira Gandhi, akiwa Waziri Mkuu, alikataliwa kwa sababu aliolewa na Mparsi, mtu wa dini ya Zoroasta, akaishia kwenye paa hilohilo. Mwaka 2005 Binti Mfalme Sirindhorn wa Thailand, ambaye ni Mbudha, naye aliangalia kwa nje.

Wanaolaumu wana hoja, tena nzito. Gandhi, yule Mahatma, alipofika Puri mwaka 1934 na wafuasi waliokuwemo Dalit, watu wa tabaka la chini lililotengwa, na watu wa dini nyingine, msafara ulizuiwa langoni. Katazo la Dalit limefutwa na sheria, la mgeni limebaki, na yote mawili ni watoto wa tumbo moja. Wapo pia Wazungu waliosilimu, kama naweza kulitumia neno hilo kwa Uhindu, wanaoimba jina la mungu Krishna mchana kutwa, nao hurudishwa kwa rangi ya ngozi. Hapo sina utetezi. Julai 2018 Mahakama ya Juu ya India iliutaka uongozi wa hekalu ufikirie kumruhusu kila mtu, wa imani yoyote, mradi afuate taratibu. Watumishi wa hekalu wakaja juu.

Lakini lawama nyingi zinaanzia pabaya. Tunasikia "hekalu" tukafikiria msikiti au kanisa, mahali watu wanapokusanyika kuabudu. Pale Puri ni nyumbani kwa mtu. Jagannath huamshwa asubuhi, husafishwa meno, huoga, huvishwa, hula, hulazwa. Jikoni kwake vyungu vya udongo hupangwa kimoja juu ya kingine kwenye moto wa kuni, na vikishatumika havirudi tena jikoni. Inapofika mwezi wa Juni huogeshwa mbele ya umati kwa vyungu 108 vya maji, na baada ya kuoga hivyo anashikwa na homa. Mungu anaumwa! Kwa takriban wiki mbili haonekani, watumishi wakimuuguza kwa dawa za miti. Sasa nani anaingia chumbani kwa mgonjwa na kamera shingoni?

Anayeijua nyumba ya Kiswahili haelezwi zaidi ya hapo. Kuna baraza, kuna daka, kuna ndani. Mgeni akiketishwa barazani na kahawa ikamfuata, hajatukanwa. Na Jagannath anayo baraza yake: akipona hutoka nje kwa gari la mbao la magurudumu 16, kaka yake Balabhadra kwenye la magurudumu 14, dada yao Subhadra kwenye la 12, magari yanayoundwa upya kila mwaka na kuvutwa kwa kamba na maelfu ya watu. Yule aliyezuiwa langoni humwona barabarani, uso kwa uso. (Nashangaa zaidi kuwasikia Waislamu wenzangu wakilalamikia Puri, wakati barabara ya Makka ina kibao chake cha Waislamu tu.)

Upande wa pili kuna Borobudur, Java, mlima wa mawe wa Wabudha ambao kwa miaka mingi haukumuuliza mtu dini. Nyayo zikala ngazi. Leo wanaopanda huwekewa kikomo cha idadi kwa siku, tena kwa kandambili maalumu za kusuka. Mwaka 2022 serikali ya Indonesia ilitangaza mpango wa kumtoza mgeni dola 100 na mwenyeji rupia za Kiindonesia 750,000, watu wakapiga kelele hadi ukaachwa. Hiyo 750,000 hainitoki kichwani. Mbudha wa kijiji cha jirani angehitaji rupia milioni 1.5 kupanda na mkewe hadi juu. Mlango uliokuwa wazi kwa wote ulikaribia kuanza kuuliza mfuko, na aliyekuwa akifungiwa ni mwenyewe.

Puri Mhindu maskini huingia bure. Na mwaka 2006 mwanamke wa Uswisi alilichangia hekalu hilo zaidi ya rupia za Kihindi milioni 17, bado hakuingia. Wengi waliita unafiki: pesa ndani, mwenyewe nje. Kweli, wangeweza angalau kuona haya kidogo. Ila ni milango mingapi ya utalii duniani ambayo milioni 17 haziifungui?

Hata mwenye nyumba anazuiwa. Sherehe ya magari ikiisha, siku tisa na zaidi tangu atoke, Jagannath hurudi akakuta mlango umefungwa: mkewe Lakshmi amekasirika kwamba aliachwa nyumbani. Hufunguliwa akishambembeleza kwa rasagola, vile vitufe vyeupe vya maziwa vilivyolowa shira.