Kamera 92 na unyayo usioonekana: akili mnemba na saratani ya ngozi Nyanda za Juu Kusini

Mashine yenyewe inastaajabisha. Mgonjwa anavua nguo na kubaki na za ndani, anasimama katikati ya fremu iliyofungwa kamera 92, anaachanisha mikono na mbavu, na kufumba na kufumbua kompyuta imekwisha kuunda umbo lake la pande tatu. Daktari analizungusha kwenye skrini, analivuta karibu, anakagua doa moja moja. Mgonjwa akirudi baada ya miezi kadhaa, akili mnemba inalinganisha picha mpya na za zamani na kuonyesha doa lililoongezeka au lililokua. Hiyo ni VECTRA WB360 ya kampuni ya Canfield ya Marekani. Australia, ambako melanoma, saratani hatari ya ngozi inayoanzia kwenye chembe za rangi, ni tatizo la taifa zima, wamezifunga kadhaa kwa ajili ya utafiti.

Sasa mtazame huyo mgonjwa tena. Amesimama. Nyayo zake zimekanyaga sakafu, na katika kamera zote 92 hakuna inayoziona. Kwa Mzungu wa Brisbane hilo ni pengo dogo, maana melanoma yake ina uwezekano mkubwa wa kuota mgongoni au kwenye miguu iliyopigwa jua. Kwa mkulima wa viazi wa Makete au mchuma chai wa Mufindi, pengo hilo ndilo hasa la kuogopwa. Melanoma ikimpata mtu mweusi, mara nyingi hukaa unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, na jua halihusiki nayo. Bob Marley alifariki Mei 1981 akiwa na miaka 36 kwa melanoma iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Huku kwetu doa jeusi la unyayoni huitwa mwiba wa zamani, au sunzua, na likianza kutoa maji wapo watakaosema mtu ametegeshewa. Akifika hospitali, tezi za kinena zimeshavimba, yaani saratani imesambaa.

Kwa hiyo kabla ya kubishana kama akili mnemba inaona vizuri kuliko daktari, tuulize vifaa hivi vilifundishwa kutafuta saratani ya nani. Jibu linabadilisha hesabu yote ya Mbeya, Iringa na Njombe, ingawa halibadiliki kuelekea upande mmoja tu.

Nianze na wanaoitaka teknolojia hii, kwa sababu hoja yao bora haisemwi vya kutosha. Hoja hiyo ni watu wenye ualbino. Inakadiriwa kuwa Tanzania mtu mmoja katika kila 1,400 ana ualbino, kiwango kikubwa mno ukilinganisha na nchi nyingi. Saratani yao ya ngozi ni ya jua kabisa, hujitokeza usoni, masikioni, shingoni na mikononi, na wengi huanza kuonyesha dalili za awali wakiwa bado vijana. Nyanda za juu zina mtego wake hapo. Jiji la Mbeya liko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Njombe iko juu zaidi, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10. Lakini baridi ya huku inamdanganya mtu. Mwanafunzi wa Makambako amevaa sweta, haoni joto, mawingu yametanda, kofia imebaki nyumbani, na ngozi inaendelea kuungua. Mawingu mepesi hayazuii mionzi hiyo kwa kiasi cha maana.

Kinachofuata ni suala la muda. Ngozi iliyoanza kuharibika huonekana kama mabaka madogo makavu, yanayokwaruza kidole. Katika hatua hiyo mtoa huduma mwenye nitrojeni ya kimiminika anayagandisha kwa dakika chache na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Yakiachwa, tunaingia kwenye upasuaji wa kuondoa sikio au nusu ya shavu, kisha tiba ya mionzi ambayo kwa miaka mingi mgonjwa wa kanda hii ameifuata Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kwa basi kutoka Mbeya.

Tatizo ni kwamba mtu mmoja mwenye ualbino anaweza kuwa na mabaka makumi kwa wakati mmoja. Tabibu aliyemwona mwaka jana si anayemwona leo. Kwenye kadi pameandikwa "vidonda usoni", basi. Kipi kipya? Kipi kilikuwa cha milimita nne na sasa kina kumi? Hakuna kumbukumbu ya binadamu inayoweza kubeba hilo kwa wagonjwa mia mbili, na hapa kompyuta ina kazi ya halali: kupanga picha, kuzilinganisha, na kusema "tazama hiki kwanza". Hata kama haijui jina la ugonjwa, kugundua mabadiliko peke yake ni msaada.

Ukitaka kuona kwa nini mahali pa kuitumia pana uzito kuliko ubora wa mashine, piga hesabu. Chukua mfano wa kufikirika: kifaa kinachokamata wagonjwa 9 kati ya 10, na kinachomtilia shaka kimakosa mzima mmoja katika kila 10. Kipeleke katika kata yenye watu wazima 10,000, ambao 10 wana saratani ya ngozi. Kitawakamata 9. Pia kitawatia hofu wazima 999. Hao 1,008 wote wanahitaji mtu wa kuwakagua upya, wengi kukatwa kipande kidogo cha ngozi (kinyama) cha kupima, kinyama hicho kwenda maabara, na majibu kurudi. Sasa kipeleke kifaa hicho hicho kwenye kliniki ya watu 100 wenye ualbino, 20 kati yao wakiwa na uvimbe wa kutibiwa. Kinakamata 18, kinakosea kwa 8. Kifaa hakijabadilika hata kidogo, ila kwenye kata kimeizamisha hospitali na kwenye kliniki kimeisaidia.

Ndiyo maana sishawishiki na wazo la kupima kila mtu, na nchi tajiri zenyewe hazijakubaliana. Ujerumani ilianza mwaka 2008 kuwapima ngozi wananchi wote kuanzia miaka 35, na vifo vya melanoma havikupungua kwa namna iliyotarajiwa. Jopo la kitaifa la Marekani linaloshauri kuhusu kinga lilisema mwaka 2023 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataza upimaji wa ngozi kwa watu wasio na dalili. Hao ni watu wenye madaktari wa ngozi mitaani.

Upande wa pili wa mizani ni ngozi yenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitangaza programu ya kutambua saratani ya ngozi iliyofunzwa kwa picha 129,450, ikashindanishwa na madaktari bingwa wa ngozi 21 na ikawafikia. Habari ikazunguka dunia. Miaka minne baadaye watafiti wengine wakapekua hazina za picha za ngozi zilizo wazi kwa umma, jumla ya picha 106,950, na kukuta rangi ya ngozi imeandikwa kwa picha 2,436 tu. Kati ya hizo, 10 zilikuwa za ngozi ya kahawia na moja ya ngozi nyeusi. Moja. Ni sawa na kumfundisha mtu kuchambua maharage kwa kumwekea mchele mezani. Kisha mwaka 2022 programu kadhaa zinazosifiwa zikapimwa kwa picha 656 za rangi mbalimbali za ngozi, zilizothibitishwa na maabara, na zikaporomoka, hasa kwenye ngozi nyeusi.

Hapa watetezi wana jibu, na ni jibu la haki. Utafiti huo wa 2022 ulionyesha pia kwamba programu zikifunzwa upya kwa picha hizo mchanganyiko, pengo linazibika kwa kiasi kikubwa. Na madaktari waliopewa picha zile zile nao walikosea zaidi kwenye ngozi nyeusi. Yaani upofu huo mashine imeurithi kwa binadamu waliofundishwa na vitabu vilivyojaa picha za Wazungu. Anayesema "tumwachie daktari" aseme daktari yupi, maana mabingwa wa ngozi nchini wanahesabika, na kazi kubwa mikoani inabebwa na matabibu waliosomea ngozi kwenye RDTC, kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC Moshi, kilichoanza mwaka 1992 na ambako ndiko mafuta ya kukinga jua ya Kilisun yalikoanza kutengenezwa.

Lakini kuna saratani ambayo watetezi huiruka, na kwa kanda hii naiona kuwa kubwa kuliko melanoma. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2022-2023 uliiweka Njombe juu kabisa nchini kwa asilimia 12.7 ya watu wazima wenye VVU, ikifuatwa na Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Penye VVU vingi hupatikana saratani ya Kaposi: mabaka ya zambarau au meusi miguuni, uvimbe usioelezeka, madoa kwenye kaakaa. Dawa za kufubaza virusi zimeipunguza sana, ila haijaisha. Programu iliyolelewa kutofautisha melanoma na kipaku cha kawaida haikufunzwa kuitafuta. Fremu ya kamera 92 nayo haimwambii mtu afungue kinywa. Muuguzi wa CTC, kliniki ya huduma na tiba ya VVU, anayemwambia mgonjwa apandishe suruali na kuasama, kila anapokuja kuchukua dawa, anaishinda mashine hiyo bila umeme. Kadhalika na saratani inayoota juu ya kovu la zamani la moto au donda ndugu lililokaa miaka mguuni: inahitaji mtu wa kushangaa kwa nini kidonda hakiponi, na kuagiza kinyama kichukuliwe.

Kinyama hicho ndipo mjadala wote unapokwama. Akili mnemba haitoi jibu la saratani, inatoa shaka. Jibu linatoka kwa mtaalamu wa patholojia na hadubini yake. Kama majibu yanachukua wiki nyingi, kugundua mapema kwa kamera kunakuwa kugundua mapema kwa ajili ya kusubiri. Mimi ningekuwa na fedha ya fremu moja ya kamera, ningeanza na meza ya patholojia, kemikali zake na mshahara wa msomaji wake katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Najua haipigiwi picha na mgeni rasmi.

Baada ya hapo ningenunua demoskopu, kile kioo cha kukuza chenye taa kinachobanwa kwenye ngozi na kuunganishwa na simu. Tabibu wa kituo cha afya Tukuyu au Mafinga anapiga picha, anaituma, bingwa wa Mbeya au Moshi anajibu. Akili mnemba ipewe kazi ya kupanga foleni na kulinganisha picha za mgonjwa mmoja, isipewe ruhusa ya kumrudisha mtu nyumbani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kuwafikisha 137,294, wanaweza kufundishwa kwa muda mfupi tu mambo matatu: unyayo, kinywa, na kidonda kisichopona. Programu za kupakua kwenye simu na kujipima mwenyewe, hizo zikae mbali kabisa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa Uingereza mwaka 2020 yalionyesha haziaminiki, na makosa yake mabaya ni kumwambia mgonjwa yuko salama.

Limebaki jambo ambalo wauzaji hulipitia kwa sentensi moja. Picha za mwili mzima wa mtu mwenye ualbino, zikiwa na jina na kijiji chake, ni ramani. Katika nchi ambayo mwaka 2024 tu mtoto mwenye ualbino aliuawa Kagera, ramani hiyo haiwezi kukaa kwenye simu binafsi ya mtumishi, wala kwenye kundi la WhatsApp la hospitali, na tusijifanye kwamba picha za wagonjwa hazipiti huko. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Sheria ipo, ila kituo cha afya kinahitaji pia simu ya kazi, nywila, na mtu wa kuwajibishwa kwa jina.

Wapo watakaosema kusubiri haya yote ni kuwaacha watu wafe. Sisemi tusubiri. Kliniki za watu wenye ualbino zianze sasa kupiga picha kwa utaratibu mmoja, kila picha ifungwe na jibu lake la maabara, hata kabla ya programu yoyote kununuliwa. Mkusanyo wa picha uitwao PASSION, uliochapishwa mwaka 2024, umeshaonyesha inawezekana: ulitumia picha za ngozi nyeusi kutoka Tanzania, Malawi, Guinea na Madagascar, ingawa ulihusu magonjwa ya kawaida kama ukurutu, fangasi na upele, wala si saratani. Hazina ya saratani ya ngozi za Kiafrika bado inatafutwa, na kampuni zitaihitaji kuliko tunavyoihitaji mashine yao. Kwa hiyo mkataba wa nani anamiliki picha za Mbeya, na programu itakayofunzwa kwazo itarudi kwa bei gani, uandikwe kabla mgonjwa wa kwanza hajavua shati.